Beseni Lisiloshindiliwa

Siku ile Bwana Feliksi aliponiambia nijaze beseni majani ya maboga hivi hivi, bila kushindilia, niyapime kisha niandike, nilipaswa kumwambia hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ulimi ninao, na ukweli niliujua. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Sasa nimevuka sabini, magoti yananiuma baridi ya Sumbawanga inapokaza, na bado ile "ndiyo" naisikia kila mboga inapotiwa chunguni.

Wiki iliyopita ilinirudia tena. Mjukuu wangu Anjela, ninayekaa naye hapa Kizwite, anasomea mapishi. Ana mizani ndogo bapa kama daftari, inayotumia betri, na jioni ile alikuwa jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, anasoma maelekezo ya kupika majani ya maboga kwa karanga.

"Shikamoo babu," alisema, ingawa asubuhi alishaniamkia. Akitaka kitu huniamkia mara mbili. "Hapa wameandika vikombe vinane vya majani. Kikombe kimoja ni gramu ngapi?"

"Inategemea mkono uliojaza."

"Babu naye. Mwalimu hataki mkono, anataka gramu."

Nilicheka pamoja naye. Kisha akatia majani kwenye maji ya moto na harufu ikanifikia, ile harufu ya kijani yenye udongo kidogo ndani yake na utamu wa mbali kama wa mahindi machanga. Nikachukua kigoda changu nikatoka nje, nikakaa nikitazama ukuta wa jirani. Nitakueleza wewe msomaji nilichoshindwa kumweleza yeye.

Mama yangu alikuwa mpishi katika shule ya sekondari ya bweni ya misheni. Jina la misheni sitalitaja, maana kosa lilikuwa letu, si la misheni. Baba alifariki nikiwa bado sijaanza shule, na tulipewa vyumba viwili nyuma ya jiko, karibu mno na jiko hata nguo zangu zote zilinuka moshi na wenzangu wa darasani walijua nimefika kabla sijaingia. Watu wote, mapadri kwa wavulana, walimwita Mama Kristofa. Kristofa ndiye mimi. Ukimwita yeye ulikuwa umenitaja mimi, na hilo naomba ulikumbuke.

Wavulana walikuwa mia na ishirini. Mama hakuwahi kushika kalamu, lakini hakuna siku chakula kilipungua wala kumwagwa. Kipimo chake cha mboga kilikuwa beseni moja la bati, jeupe, rangi imebanduka ukingoni, lina maua mekundu yaliyofifia. Wanawake wa kijiji cha Kasense walileta majani kwenye vikapu, naye aliyapokea mlangoni. Alijaza beseni mpaka juu, akakunja mkono, akaegemeza kiwiko katikati ya majani na kushuka nacho kwa uzito wake wote. Majani yalilia kama mtu anayekanyaga nyasi zenye umande. Akajaza tena, akashindilia. Akajaza mara ya tatu, akashindilia, kisha akaweka konzi moja juu. Hilo ndilo lilikuwa beseni moja. Beseni moja wavulana kumi na wawili, mabeseni kumi shule nzima. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa na doa la kijani ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia miguu.

"Jani bichi ni muongo," alikuwa akiniambia. "Linajaza nyumba nzima kwa majivuno, likiona moto linajikunyata kwenye kona ya chungu. Usimwamini mpaka umemkalia."

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwetu halikufundishwa kwa maneno mengi. Cha kumpa mtu baki unakishindilia. Iwe unga wa ulezi, iwe maharage, iwe majani, ukimpimia mtu wa nje unatikisa, unakandamiza, unaongeza, maana yeye hatasema hakutosheka. Cha kwako mwenyewe unakiacha kama kilivyoanguka. Mama alikuwa na msemo wake juu ya hili: "Cha mgeni kishindilie, chako kiache kipumue." Wale wavulana walikuwa watoto wa akina mama wengine, kwa hiyo walikuwa wageni wake, mia na ishirini kila siku. Mimi na yeye tulipopika mboga zetu nyumbani alitumia beseni lile lile, lakini aliyatupia majani ndani bila kuyagusa, yakabaki yamesimama kama manyoya ya kuku mwenye baridi. Yakiiva yanakuwa matonge mawili matatu.

"Mbona yetu kidogo?" nilimuuliza siku moja.

"Kwani wewe mgeni?" alisema. "Wa nyumbani akipungukiwa anasema, anaongezwa. Hakuna aibu."

Bwana Feliksi alikuja na mvua za Januari, mtunza stoo mpya. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa umfikirie hivyo. Alikuwa msafi, alivaa koti hata jua likiwaka, penseli mbili mfukoni, na alitaka kila kitu kinachoingia jikoni kiandikwe kwa kilo. Unga, maharage na sukari vilimaliza kupimwa ndani ya wiki moja. Yakabaki majani.

"Majani hupimwa kwa mkono, Bwana Feliksi," mama alimwambia.

"Mkono wa nani? Siku ukiugua tutapima kwa mkono wa nani?"

"Nikiugua mtakula maharage."

Shangazi yangu Skola, dada yake baba, aliyekuwa msaidizi wa mama jikoni, alicheka mpaka mwiko ukamtoka. Bwana Feliksi naye alitabasamu, lakini swali lake lilikuwa swali la haki na hakuliacha. Mama akakubali kumwonyesha Alhamisi. Alhamisi ile alifiwa na jirani yake wa zamani, akaenda Kasense mazikoni tangu asubuhi. Bwana Feliksi akanikuta mimi, nimetoka shule, nimekaa kizingitini nafanya hesabu za darasa la saba kwenye daftari.

"Kristofa, wewe si ndiye bingwa wa hesabu? Njoo tumalize kazi."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za misheni. Ndani ya stoo kulinuka magunia na sabuni ya mche. Mizani yenye uso kama wa saa ilining'inia kwenye boriti. Vikapu viwili vya majani ya maboga vilikuwa chini, yamechumwa jana yake, yamelegea kidogo. Bwana Feliksi alilitundika beseni tupu kwenye mizani kwanza, akasoma, akaandika. Kisha akaniambia nijaze.

Nikajaza. Nikakunja mkono, nikainua kiwiko juu ya majani kama nilivyoona maisha yangu yote.

"Unafanya nini?"

"Mama huwa..." nikaanza.

"Kwa kiwiko?" Hakunikemea. Alicheka tu, kicheko cha mtu mstaarabu aliyeona kitu cha shambani. "Hesabu haina kiwiko, bwana mdogo. Beseni likijaa limejaa. Leo ukiegemea wewe na kesho Skola, tutapata beseni moja kweli?"

Hapo ndipo neno lile fupi lilipotakiwa. Nilijua kwamba beseni la mama si hili lililokuwa mbele yangu. Nilijua kwamba mabeseni kumi ya namna hii hayawezi kulisha hata nusu ya wavulana. Lakini nilikiona kiwiko cha mama, chenye maji na doa la kijani, nikakiona kwa macho ya mtu mwenye koti, nikaona aibu. Nikashusha mkono. "Ndiyo, bwana."

Sindano iliposimama, tukatoa uzito wa beseni, zikabaki kilo mbili. Alinipa karatasi nyeupe na rula. Nikapiga mistari, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: beseni moja, kilo mbili, mabeseni kumi, kilo ishirini, wavulana mia na ishirini. Akaisoma, akaibandika ukutani jikoni kwa gundi ya unga.

"Kichwa kama hiki hakiwezi kuachwa nje," alisema. "Nitakusemea kwa padri mkuu. Mwakani uwe ndani ya hii shule, si nyuma ya jiko lake."

Mama alirudi jioni, miguu ina udongo mwekundu wa makaburini. Aliitazama karatasi muda mrefu, kama mtu anavyotazama mlango mpya kwenye nyumba yake.

"Inasemaje?"

"Inasema beseni ni kilo mbili."

"Nani kapima?"

"Mimi."

"Ukashindilia?"

"Nilishindilia."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza taratibu kama anayetafuta upele, akauachia. Akaenda kuwasha moto. Ilinichukua miaka mingi kufahamu alikuwa anatafuta nini. Kiwiko changu kilikuwa kikavu na safi.

Kwaresima ilianza wiki iliyofuata. Nyama hakuna, mboga karibu kila siku. Asubuhi zikaingia kilo ishirini, zilizopimwa na Bwana Feliksi mwenyewe kwa haki kabisa, na mama akazipokea kwenye beseni lake na kuzishindilia. Zikatoka mabeseni manne. Ukimenya nyuzi na kutupa vikonyo, hata manne hayafiki. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona akitazama beseni la nne ambalo halikujaa, kisha akitazama kikapu kama kuna mtu amejificha ndani yake.

"Kilo ishirini za majani kwa wanaume mia na ishirini," alisema shangazi Skola. "Hata mbuzi wangeandika barua."

"Twanga karanga, Skola," mama alisema.

Alitia karanga, alitia maji, alitia nyanya. Siku ya tatu nilimwona akichuma majani ya bustani yetu wenyewe nyuma ya nyumba, yale ya kula mimi na yeye, akiyapeleka jikoni chini ya kitenge ili Bwana Feliksi asione anavunja karatasi ya mwanawe. Bustani ilikwisha kabla ya Jumapili ya pili. Sisi tukala ugali kwa chumvi.

Wavulana wakubwa hawakukosa maneno. Bwaloni mmoja aliinua jani lake kwa vidole viwili, akasema, "Mama Kristofa, hili limepotea njia, mwenyewe nani?" Mwingine akajibu, "Liache, linatembelea tu, halilali." Walicheka, naye alicheka nao, akiendelea kugawa kwa kijiko kilichokuwa kikipungua siku hadi siku. Lakini njaa haikai na mzaha kwa muda mrefu. Mwisho wa wiki ya nne nilisikia nikipita nyuma ya bweni: "Mama Kristofa anapeleka mboga nyumbani." Nikasikia jina langu ndani ya maneno hayo, nikatembea haraka zaidi.

Nilikuwa nimeshanasa. Nikisema, nitakuwa mwongo mara mbili, kwa Bwana Feliksi na kwa mama, na nafasi ya mwakani itaondoka. Nisiposema, kila siku kijiko kinapungua. Nililala nikiamua kusema, nikaamka nikiamua kungoja, na ukungu wa Kwaresima ile haukuinuka hata siku moja, nyumba, jiko, stoo na shule vyote vikabanana kama vitu vilivyofungwa kwenye gunia moja.

Ijumaa moja mlinzi wa lango aliagizwa kutazama kikapu cha mama. Akakuta vikonyo na nyuzi za majani ya maboga, ambazo mama alikuwa akiwapelekea sungura wa Skola tangu miaka na miaka. Lakini kijani ni kijani. Bwana Feliksi akamwita stoo, akamwita na shangazi, akamtuma mtu aniite na mimi darasani, maana karatasi ilikuwa yangu. Akafunga mlango kwa sababu ya upepo.

"Mama Kristofa," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha, "kilo ishirini zinaingia, napima mwenyewe. Karatasi inasema zinatosha. Wavulana wanasema hazitoshi. Zinakwenda wapi?"

Shangazi akasema, "Pimeni tena hilo beseni. Si hili hapa, na mizani si ile pale?"

"Nipo tayari," alisema Bwana Feliksi. "Ukisema karatasi ina kosa, mama, tunapima sasa hivi na padri mkuu tunamwita aone. Lakini nimeshamsemea kijana huyu kwamba ni mwaminifu wa hesabu. Ikiwa aliandika uongo, na hilo litajulikana leo."

Beseni lilikuwa sakafuni kati yetu. Mizani ilining'inia nyuma ya mama, sindano yake kwenye sifuri. Nilichotakiwa kufanya hakikuhitaji hata maneno. Nilitakiwa kuchutama, kujaza majani na kukunja mkono. Mama alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyepita karibu na chungu cha moto, akisubiri aone kama ataondoa mkono mwenyewe.

Nilitazama miguu yangu.

"Karatasi ya mwanangu haina kosa," mama alisema.

Skola alipiga makofi mara moja, kwa mshangao wa uchungu, akageukia magunia. Bwana Feliksi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Basi hujaniachia njia nyingine."

Juma lile la mwisho kabla ya Pasaka mama alifunga vitu vyake. Havikuwa vingi. Beseni lilikuwa lake, alilibeba kichwani, ndani yake vyungu viwili na blanketi, akarudi Kasense kwenye shamba la marehemu babu kulima matuta ya ulezi na maharage. Mimi niliachwa kwa shangazi nimalize darasa la saba. Shangazi hakunisema. Alinipa chakula na akaacha kunitania, na mtu aliyemjua Skola atakuambia adhabu hiyo ilikuwaje.

Pasaka nilikwenda kwa miguu kumwona mama. Nilijiandaa njia nzima. Nilipofika alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa, akachukua beseni akaenda bustanini. Akajaza, akakunja mkono, akashindilia. Akajaza, akashindilia. Mara ya tatu akaongeza konzi juu. Yote hayo kwa watu wawili. Nilifurahi, msomaji. Nilidhani amenisamehe, nilidhani ananipa cha mwanamume, cha mtu wa sekondari wa mwakani. Nikala mpaka nikalegeza mkanda.

"Mama," nilianza, "ile karatasi..."

"Kula kwanza, itapoa."

Mwaka uliofuata niliingia ile shule. Karatasi yangu ilibaki ukutani miaka miwili zaidi, mpaka Bwana Feliksi mwenyewe alipoongeza kilo, akiamini wavulana wamekuwa walafi. Miaka hiyo miwili nilikaa bwaloni mbele ya kijiko kimoja cha mboga, nikila mwandiko wangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani, nikaoa, nikapeleka watoto Kasense kila likizo. Kila nilipofika, mama alishindilia mara tatu. Nilijaribu tena kusema, labda mara nne katika maisha yangu, na kila mara kulikuwa na sahani mbele yangu na neno lile lile la upole.

Alipozeeka aliishi na mtoto wa ndugu yetu, msichana mdogo wa kumsaidia. Siku moja nilifika bila taarifa, nikakaa nje kwanza kufuta udongo wa viatu. Ndani nilimsikia mama akimwelekeza mtoto kuhusu mboga. "Tupia tu, usiyaguse, ni yetu sisi. Yaache yapumue." Kisha nikabisha hodi. Akaitambua sauti. Kabla hajaniitikia, nilimsikia akimwambia yule mtoto taratibu, "Ni Kristofa. Rudi uchume mengine. Ushindilie."

Nilisimama pale mlangoni na mkono kwenye fremu. Miaka thelathini nilikuwa nimekula heshima nikidhani ni upendo. Mama hakuwa amenikasirikia. Alinipokea, alinilisha, aliniombea, aliuliza habari za watoto wote kwa majina. Ila mgeni hagombezwi, na asiyegombezwa hana pa kusamehewa. Wa nyumbani akipungukiwa anasema, anaongezwa. Mimi sikusema siku ile stoo, na tangu hapo sikupungukiwa tena.

Alifariki mwaka ule, kipindi cha ukungu. Beseni alilirithi yule msichana, kama ilivyostahili.

Anjela alitoka nje kuniita kula. Amepima majani yake kwa gramu, amepata hesabu anayoitaka mwalimu, na mboga ilikuwa tamu. Sikumwambia kitu. Lakini nakuandikia wewe waziwazi, ili isiwe mafumbo. Kwa ile "ndiyo" nilipata shule, kazi na mwandiko mzuri. Nikapoteza nyumba ya mama yangu. Nilikuwa mgeni ndani yake tangu nikiwa na miaka kumi na minne mpaka siku tulipomzika.